Manowari Iliyozima Injini

Shemeji yangu alivunja kimya cha wiki tatu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na alichosema hakikuwa salamu.

"Hiyo si meli moja," alisema. "Ziko mbili. Moja imejificha nyuma ya mwenzake."

Nilikuwa nimeketi mbele ya kompyuta sebuleni, mguu wangu wa kulia ukiwa juu ya kigoda, umefungwa plasta kutoka vidoleni hadi gotini. Kwenye skrini palikuwa na bahari ya kijivu na moshi wa meli moja tu, ya mizigo, ambayo nilikuwa nikiifuata kwa dakika arobaini. Nikageuka. Shemeji alikuwa pale pale alipokuwa kila siku, kwenye kiti cha dirishani, mikono mapajani, uso ameuelekeza ukutani.

"Shemeji, mimi naona moja."

"Wewe unaona. Mimi nasikia."

Dakika sita baadaye manowari ilichomoza nyuma ya ile meli ya mizigo, pua yake imeelekea kwangu. Nikapiga mbizi hapo hapo, nikanusurika, kwa sababu kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nilikiweka pale kwa ajili ya maneno yake, ingawa siku ile nisingekiri hata kwa mtutu wa bunduki.

Mimi ni fundi wa lifti. Mwezi mmoja kabla ya hapo niliteleza kwenye ngazi ya chuma ndani ya shimo la lifti nikavunjika mguu mahali pawili. Mwenzangu wa kazini, akijua kwamba kukaa bure kungenitia wazimu, aliniwekea kwenye kompyuta mchezo wa nyambizi za vita vikuu vya pili. Usidhani ni mchezo wa kufyatua na kushangilia. Unaweza kusafiri siku nzima usione hata bua linaloelea. Torpedo unazipigia hesabu ya mwendo, umbali na pembe, na nyingine hugonga meli zikakataa kulipuka. Hewa inachafuka, betri inaisha. Nami kwa ujuaji wangu nilichagua ule utaratibu mgumu kuliko yote: ukizama umezama, safari zako zote zinafutika, unaanza upya kama kuruta. Nilikuwa nimekwisha fanya safari kumi na moja.

Shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu. Miaka ishirini na sita alifanya kazi katika kiwanda cha kushona sare, na kumi ya mwisho alikuwa msimamizi wa mstari wa cherehani ishirini. Kisha presha ya macho ikamla jicho moja, halafu la pili, taratibu, kama nondo anavyokula nguo iliyo kabatini. Alihamia kwetu mwanzoni mwa mwaka. Mwanzo alikuwa akiongea, akilia, akigombana na vikombe. Halafu siku moja akanyamaza. Na dada yake alikuwa akisema neno moja moja; kwangu, hata hilo hakuna. Mke wangu alisema ni huzuni, itapita. Mimi nikaitikia kwamba ni huzuni.

Siku iliyofuata Shemeji alisogeza kiti chake, mguu mmoja wa kiti baada ya mwingine, mpaka kikagusa meza ya kompyuta.

"Nisikilizishe," alisema.

Nyambizi ina kinasa sauti chini ya maji. Unakizungusha kwa vitufe viwili, kila mguso nyuzi moja, na kadiri kinavyoielekea meli ndivyo unavyosikia rafadha zake, yale mapanga ya nyuma yanayoisukuma. Mimi nilikuwa nasikia mvumo tu. Yeye alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Hii ya mizigo inatembea kama mjamzito wa miezi tisa," akasema. "Tuf, tuf, tuf. Ile ya vita ni cherehani ya umeme. Na hapa katikati kuna nyingine, panga lake moja limepinda. Husikii inavyochechemea? Kama wewe."

"Umejuaje?"

"Cherehani ishirini zikinguruma pamoja, moja ikilegea skrubu nilikuwa naijua kabla mwenye kuishonea hajaijua. Unafikiri nilikuwa nazitazama?"

Basi tukawa mabaharia. Mke wangu, ambaye ni mkunga na hurudi nyumbani akiwa hoi, alisimama mlangoni jioni ya tatu akatutazama. "Nyumba yangu imekuwa kambi ya jeshi," alisema. "Na chakula cha jeshi anapika nani?" Nilicheka peke yangu. Shemeji aliongea nami habari za meli tu. Tukiinuka mezani pa kompyuta, kinywa chake kilifungwa tena kama mlango wa benki saa kumi.

Jumamosi mke wangu alikuwa na zamu mpaka saa kumi na mbili jioni. Saa sita mchana tulikutana na msafara: meli tisa za mizigo kwa mistari mitatu, na manowari mbili za kuzilinda. Sijawahi kupata windo kama lile. Tuliusogelea kwa saa nzima na nusu chini ya maji, polepole, injini za umeme zikinong'ona. Shemeji alikuwa akinipa taarifa bila kuulizwa. "Mlinzi wa kwanza anapita kushoto. Hajui. Anaendelea. Wa pili yuko mbali, nyuma. Ile nzito inakuja."

Nikainua periskopu, bomba la kutazamia juu ya maji, kwa sekunde nne, nikaishusha. Jasho lilikuwa likinitiririka ndani ya plasta na siwezi kujikuna. Nikafyatua torpedo mbili.

"Dakika moja na sekunde kumi," nikasema.

Tukahesabu wote wawili kimoyomoyo. Niliona midomo yake. Ya kwanza ilipita patupu. Ya pili ikagonga. Mlio wake ulikuja mzito, ukatikisa spika, na mimi nikapiga meza kwa furaha.

Kisha ikaja ile sauti nyingine. Nilikuwa nimeizoea na sikuitilia maanani tena: mlio mrefu wa chuma kinachojikunja, halafu mipasuko mmoja baada ya mwingine, ikishuka.

"Nini hicho?" akauliza.

"Kuta za ndani za meli. Zinapasuka kwa uzito wa maji."

"Mna watu?"

"Shemeji, ni mchezo."

"Sikuuliza kama ni mchezo."

Alinyoosha kidole juu, kama mtu anayenyamazisha darasa. "Wamegeuka. Wote wawili. Wanakuja mbio."

Nikashusha nyambizi kwa kasi yote. Mita hamsini. Mita tisini. Baharia wa ndani ya mchezo alikuwa akitaja kina kwa sauti ya kukauka. Kisha tukasikia ule mdundo ambao kila mchezaji wa mchezo huu huuota usingizini: *ting*, kama mtu anayegonga bomba kwa kijiwe. *Ting.* Manowari inatupapasa kwa sauti. Juu yetu rafadha zilipita zikiunguruma, na baada yake kukawa na kimya cha kuhesabu pumzi. Wanapoangusha mabomu, yale mapipa ya baruti yanazama kwanza. Unajua yanakuja, hujui yamewekwa yalipukie kina gani.

La kwanza lililipuka mbali. La pili na la tatu yakaja pamoja, yakapasua vioo vya saa za kupimia. Shemeji alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. La nne likazima taa za nyambizi. Kwenye skrini kukabaki wekundu hafifu.

Papo hapo feni ya darini ikapunguza mwendo, ikasimama. Friji ikaguna ikanyamaza.

"Umeme umekatika," nikasema.

"Wa huko au wa hapa?"

"Kote kuwili."

Chini ya meza, boksi la betri ya akiba ya kompyuta likaanza kulia. *Pii.* Sekunde kumi. *Pii.* Nikamweleza haraka. Betri ile hubeba kompyuta kwa dakika kumi na mbili, si zaidi. Mchezo hauruhusu kuhifadhi safari ukiwa chini ya maji na adui yuko karibu. Kompyuta ikizimika sasa, kwa utaratibu nilioutaka mwenyewe, tumekufa.

"Kinachokula umeme zaidi ni nini?" akauliza.

Hilo ni swali la fundi, na mimi fundi mzima sikuwa nimelifikiria. "Skrini," nikasema. "Nikiizima tunaweza kupata dakika ishirini. Lakini sitaona kitu. Hata usukani sitauona."

"Vitufe unavijua?"

"Navijua kwa vidole."

"Zima."

Nikazima. Sebule ilikuwa na mwanga wote wa saa nane mchana, pazia linapepea, na mimi natazama kioo cheusi chenye sura yangu.

"Sasa sioni chochote," nikasema.

"Karibu," akasema Shemeji.

Kuanzia hapo nahodha alikuwa yeye. Nilizungusha kinasa sauti, mguso mmoja nyuzi moja, naye akisema endelea, endelea, hapo. Nikahesabu miguso kujua adui yuko upande gani, nikageuza nyambizi tumpe mkia, kwa sababu mkia ni mwembamba, sauti yake inapata padogo pa kugonga. Mwendo nikaupunguza mpaka ule wa mtu anayepita msibani. *Ting*, ikasikika, lakini kwa mbali kidogo.

"Shemeji," nikanong'ona, "wa pili yuko wapi?"

"Kulia kwetu, anazunguka. Mbona unanong'ona? Hawatusikii hawa."

"Sijui. Mbona na wewe unanong'ona?"

Boksi likalia. *Pii.* Manowari ikapita tena juu, mapipa yakashuka tena, na safari hii nikafumba macho, sijui kwa nini, kwani hapakuwa na cha kuona. Yalilipukia nyuma yetu. Baharia akataja kina: mita mia na arobaini. Maji yalikuwa yakiingia mahali fulani, tuliyasikia yakichirizika.

"Nilikusikia," Shemeji akasema.

Nilidhani anaongea na mchezo. "Umesikia nini?"

"Jikoni. Ile Jumapili. Ulimwambia mdogo wangu, 'Sebuleni kwangu nimewekewa maiti anayepumua.' Geuza kulia nyuzi kumi."

Nikageuza kulia nyuzi kumi. Vidole vyangu vilifanya kazi vyenyewe. Masikio yalikuwa yakiwaka moto. Nilisema maneno yale, ndiyo. Niliyasema kwa sauti ya chini, bomba la maji likiwa limefunguliwa, siku mbili baada ya kutoka hospitali, maumivu yamenipanda kichwani. Na kwa wiki tatu nzima nilikuwa najua, mahali fulani ndani, kwamba kimya kile hakikuwa huzuni. Niliamua tu kutokujua.

"Nilisema," nikajibu.

*Pii.*

"Nisamehe, Shemeji. Sina la kujitetea."

"Sijakwambia uombe msamaha. Nimekwambia nilisikia." Akasogeza sikio kwenye spika. "Kilichoniuma ni kwamba nusu yake ilikuwa kweli. Nyoosha sasa. Nyoosha hivyo hivyo."

Manowari ya kwanza ilianza kwenda zake. Hata mimi nilisikia mvumo wake ukififia, kuelekea msafara ulikopotelea. Ya pili ilizunguka mara moja, mara mbili, kisha sauti yake nayo ikapotea. Ukabaki mchirizo wa maji na ile *pii*, ambayo sasa ilikuwa inalia kila sekunde tano.

Nilipiga hesabu. Tulikuwa tumekwisha tumia dakika kumi na tatu. Kutoka kina kile hadi juu ni dakika tatu. Nikiibuka sasa, nahifadhi safari na tumepona. Nikichelewa, betri inakufa na sisi nayo.

"Wameondoka," nikasema. "Tunapanda."

"Mmoja kaondoka."

"Na wa pili. Sauti imekwisha."

"Imekatika," akasema. "Haikwisha. Sauti inayokwenda mbali inapungua kidogo kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi. Hii ilikuwa ngazi ya kati halafu basi. Amezima injini. Yuko juu hapo, ameketi, anatusikiliza kama mimi ninavyomsikiliza."

"Shemeji, betri hii haina hata dakika saba."

"Najua. Naisikia."

"Ukikosea tumepoteza safari kumi na mbili."

"Na wewe ukikosea?"

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuibuka. Nikisema nilimwamini moja kwa moja nitakuwa mwongo. Nilitaka kuwasha skrini nione kwa macho yangu, japo nilijua skrini isingenionyesha kitu zaidi ya chumba chenye wekundu. Miaka kumi na minane ya lifti imenifundisha kuamini mita na taa ya kijani. Mkono wake ulikuja juu ya meza ukipapasa, ukapita kikombe, ukapita kipanya, ukagusa ncha za vidole vyangu. Haukushika. Ulitulia tu pale.

Nikakiondoa kidole.

Tulikaa. *Pii. Pii.* Nje mtu alikuwa akisukuma toroli, na gurudumu lake lililia nikataka kutoka nikampige. Dakika ya kwanza. Ya pili. *Pii-pii.* Baharia wa mchezo akakohoa. Wameweka hata kikohozi, watu wale. Nilikuwa karibu kusema kitu cha kuumiza, nilikuwa nimekwisha vuta pumzi, Shemeji alipoinua kidole.

Juu yetu, si kushoto wala kulia, bali juu kabisa ya vichwa vyetu, injini ikawaka.

Ilikuwa karibu mno hata nikainama kitini. Rafadha zilizungukazunguka kama zinazojinyoosha baada ya usingizi, zikashika kasi, zikaondoka. Tungeibuka, tungeibukia tumboni mwake. Mara hii mvumo ulipungua kama alivyosema: ngazi baada ya ngazi, ukashuka, ukashuka, mpaka hata yeye akasema, "Sasa huyo kaenda. Panda."

Nikabonyeza. Baharia akaanza kutaja kina kinachopungua. Mia moja na ishirini. Mia. Boksi halikuwa tena na mapumziko kati ya mlio na mlio. Sabini. Arobaini. Nikawasha skrini, maana kuhifadhi kunahitaji kuchagua kwa kipanya na hilo vidole havilijui vyenyewe. Ishirini. Bahari ikafunguka mbele yangu, kijivu, mvua inanyesha, hakuna meli hata moja. Nikachagua, nikabonyeza, na palepale kila kitu kikazimika.

"Umewahi?" akauliza.

"Sijui."

Tulikaa mbele ya kile kioo cheusi tukihema kama tuliopanda ghorofa nane kwa miguu. Hakuna aliyeinuka. Baadaye akaniambia nimletee maji, kisha akakumbuka mguu wangu, akaenda kuyaleta mwenyewe, mkono ukutani, glasi mbili. Nilimsikia jikoni akifungua kabati la vyombo asilowahi kulifungua tangu ahamie.

Umeme ulirudi saa kumi na mbili na nusu, mke wangu akiwa anavua viatu mlangoni. Kompyuta ikajiwasha. Daftari la safari lilikuwepo. Nikamsomea Shemeji: nyambizi imeibuka, ina majeraha makubwa, mabaharia wote wazima. Meli iliyozamishwa ni moja, tani elfu nne na mia mbili.

"Na watu?"

"Hawakuandikwa."

"Wameandika uzito wa chuma." Alifikiri. "Turudishe hawa wetu bandarini. Halafu mimi nitashuka, wewe uendelee."

Ilituchukua siku tatu kufika, kwa mwendo wa nyambizi iliyotoboka. Hatukufyatua chochote. Tulikutana na meli mbili, akazisikiliza zikapita, akaniambia moja inahitaji kubadilishiwa rafadha. Siku ya kwanza ya safari hiyo, Jumapili, mezani, alisema, "Shemeji, nisogezee chumvi." Mke wangu alisimamisha kijiko hewani. Akanitazama mimi, akamtazama dada yake, akangoja tumweleze. Nilimweleza usiku huo, pamoja na yale ya jikoni, na alinipa kimya changu mwenyewe cha siku mbili, nilichostahili.

Shemeji alishuka kweli. Wiki iliyofuata alimpigia simu fundi wa mashine wa kiwanda chake cha zamani, wakaongea muda mrefu mlango ukiwa umefungwa. Hawakumpa kazi. Walimwambia aende siku moja wajaribu. Alienda, akarudi na vidole vyeusi kwa grisi, hakusimulia sana. Sasa anakwenda Jumanne na Alhamisi, kuwasikilizia cherehani zenye hitilafu. Siku nyingine anarudi amekasirika na mtu fulani wa stoo, na anatupigia kelele sote wawili mpaka sahani zinatetemeka. Nyumba haina kimya tena hata ukikitafuta.

Mimi niliondoka bandarini peke yangu kwa safari ya kumi na tatu. Nilizamishwa siku ya pili, mita thelathini chini ya maji, na manowari ambayo sikuisikia kabisa. Daftari likafutika lote.

Nilipomwambia jioni alikuwa akikunja nguo kitandani, akilinganisha pindo kwa vidole. Akauliza ilitokea upande gani. Nikamwambia sijui, labda nyuma.

"Pole sana," akasema, akanipa ncha mbili za shuka nimsaidie kulikunja.